Kukagua Gari kwa Kikombe cha Kahawa

Vijana wa karakana ya mtaani Ghala mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, na nimekubali kwa sababu moja tu: nimechoka kulijibu swali lile lile kwa mdomo. Nililijibu gereji, nikalijibu msikitini, nikalijibu hata matangani, mtu kanishika mkono wa pole huku ananinong'oneza, "Seif, ninunue ya wakala au ya kuletwa?" Maiti hajafika makaburini. Nilidhani nikistaafu nitapumzika, na wiki ya kwanza tu jirani kanigongea mlango na hilo hilo. Basi someni hapa, na mtu akikuulizeni mpeni karatasi hii mwendelee na kazi.

Kwanza tuelewane. Kila gari nililopata kulishika Maskati lilitoka ng'ambo, kwa hiyo gari la nyumbani hasa hatukuwa nalo. Lakini watu hawakukubali kukaa bila ya la nyumbani, wakalitafuta. Gari lililoagizwa na wakala kwa ajili ya Ghuba, lenye rejeta kubwa na kiyoyozi cha nguvu, hilo likaitwa letu. Ndugu yake wa tumbo moja, aliyeuzwa kwanza Amerika, akaendeshwa huko, akanadiwa, akapakiwa melini mpaka Sharja, Imarati, na kuvushwa mpaka kuja kwetu, huyo akaitwa wa kuletwa. Wote wawili wageni. Varghese, msimamizi wangu wa kwanza, alikuwa akinitania kwamba na mimi niliyezaliwa Unguja ni wa kuletwa vilevile. Nikimjibu kwamba nimekuja na rejeta kubwa.

Nilianza kazi katika gereji ya Wadi Kabir, hapo hapo Maskati, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku ya kwanza nilifika na sanduku jipya la spana na ovaroli lililopigwa pasi, na Varghese alinitazama kama mtu aliyeletewa bi harusi gereji. Alikuwa Mhindi wa Kerala, mfupi, mkimya, na Kiarabu chake kilikuwa cha gereji tu, maneno machache yanayotosha. Gari la kwanza likaingia. Mwenyewe akaapa kwamba halijawashwa tangu jana, na kwamba linamsumbua asubuhi likiwa baridi. Mimi nikaliinamia sanduku langu kutafuta spana. Varghese akanishika kifundo cha mkono, akaubandika mkono wangu juu ya boneti. Boneti lilikuwa la moto.

"Anadanganya," akaniambia tulipokwenda pembeni. "Lakini mwache aseme. Akimaliza kusema utakuwa umeshajua anachokificha."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na mpaka leo naliona bora kuliko kompyuta zenu, ambazo mnaziamini hata pale zinapokuambieni gari halina injini. Varghese alinifundisha kupitisha sumaku iliyofungwa kwenye leso juu ya bodi: penye bati inang'ang'ania, penye puti inaanguka, na hapo unajua gari liligongwa likazibwa. Ili kujua kama gari lilipata kuzama, alinifundisha kulivuta zulia na kulinusa. Alinifundisha kuuvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwa sababu muuzaji husafisha ule urefu unaoonekana tu, na tope hubaki kule ndani ulikojikunja. Alipoondoka kurudi kwao moja kwa moja aliniachia ile sumaku yake. Ikaibiwa mwezi ule ule, na mwizi nadhani alidhani ni kitu cha maana.

Mimi nikahamia Ghala, kwenye ukaguzi, na hapo ndipo nilipoanza kuumwa na kichwa. Kazi ya mkaguzi ni kutazama gari kabla halijanunuliwa. Wateja wangu walikuja wameshanunua. Walikuja wanachekelea, funguo kidoleni, "Nitazamie tu, Seif, nipate kutulia roho." Sasa nikutazamie nini, na pesa umeshatoa? Nikisema zuri, nimesema uongo. Nikisema bovu, mimi ndiye mbaya, na nyumbani kwake wataambiwa Seif ana hasadi.

Bwana mmoja wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, msomi, muungwana, aliniletea gari kutoka Amerika lenye viti vya kupasha moto. Mwezi wa saba, Maskati inawaka moto. Nilimwambia kwamba gari hili limetengenezewa watu wa theluji, rejeta yake ndogo, kiyoyozi chake cha mzaha. Akanikatiza, akabonyeza kitufe cha kiti ili nione kinavyofanya kazi. Tulikaa mle ndani sote wawili tukipashwa moto, yeye anatabasamu na jasho linamtiririka shingoni, mimi namsubiri achoke. Hakuchoka. Mwengine alikuwa na gari linalohesabu maili, na kwa kuwa tarakimu ni ndogo kuliko za kilomita akaona limetembea kidogo. Nikamweleza, akaniambia hesabu hizo ni zetu sisi mafundi.

Msidhani kwamba wakala ni malaika. Nimeona bampa likingojewa miezi, kijana wa mapokezi kavaa tai anakuambia "wiki ijayo, inshallah" kwa sauti ya mtu asiyejua wiki ni nini. Nimeona magari ya wakala yaliyouawa na wenyewe, hayajabadilishwa oili tangu kutoka dukani, na nimeona ya kuletwa yaliyotunzwa yakazeeka kwa adabu. Na yale mafuriko makubwa yaliyokuja miaka michache baada ya haya nitakayoyasimulia yalizamisha ya wakala na ya kuletwa bila kubagua, na baada yake tukawa tunavuta mikanda ya viti vya magari yote. Nayasema hapa ili nisilazimike kuyarudia. Gari zuri ni lile lililotengenezewa joto letu na kuishi na mtu mwenye akili. Ukikosa moja kati ya hayo mawili, lifungue boneti.

Na hapa ndipo pananipandisha damu mpaka leo. Kwetu sisi, gari la mtu baki hukaguliwa, gari la jamaa halikaguliwi. Ukinunua sokoni unaweza kuliinua, kulinusa na kulitukana mbele ya mwenyewe. Lakini ukinunua kwa ami yako au kwa mkweo, kulifungua boneti ni kumwambia mbele za watu kwamba ni mwongo. Kwa hiyo magari mabovu ya ukoo husafiri kwa heshima kutoka nyumba hadi nyumba, na kila anayepokea husema mashallah.

Nikabuni njia. Mtu akiwa na wasiwasi na gari la jamaa yake, alinialika tu kunywa kahawa huko. Nilikwenda na kanzu safi, bila hata tochi. Nikifika niliangusha funguo zangu karibu na gurudumu la mbele na kuinama kuzitafuta kwa muda mrefu kidogo. Baada ya halua nililisifu gari, nikaomba nikikalie kiti. Ikiadhiniwa, niliomba nifikishwe msikitini, na huko njiani ndiko nilikoisikia injini na breki. Niliangusha funguo katika nyumba nyingi mno, mpaka mke wa mtu mmoja akanionea huruma akanipa uzi nizifungie kiunoni. Hivyo ndivyo mkaguzi wenu mkuu alivyofanya kazi, akitambaa chini ya magari kwa kisingizio kama mtoto anayetafuta gololi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Nassor, rafiki yangu tangu skuli Unguja, alinialika kahawa kwa kaka yake mkubwa, Khalfan. Khalfan alikuwa na mtindo wa kwenda Sharja na kurudi na magari ya Amerika, moja moja, ya kuuzia watu wa nyumbani. Safari hii lilikuwa sedani jeusi, refu, viti vya ngozi, na alikuwa ameshamwahidi binti wa Nassor, Rukia.

Rukia alikuwa amemaliza masomo ya ualimu na kupangiwa skuli Quriyat, ng'ambo ya milima. Alitaka kwenda na kurudi kila siku. Nassor alikubali kwa sharti moja, na alilisema mbele yangu: "Gari ikikwama nawe milimani siku moja tu, kesho yake huendi tena." Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na hofu, na hofu yake aliivika kanzu ya amri. Kwa hiyo kazi yote ya msichana yule, masomo yake na furaha yake, vilikuwa vinaning'inia kwenye gari atakalolipata.

Nilikunywa kahawa. Nikaangusha funguo, nikainama. Chini ya gari kulikuwa na rangi mpya nyeusi iliyopakwa juu ya kutu, hata vichwa vya bolti vimemezwa. Nikaomba kufikishwa msikitini. Kiyoyozi kilipowashwa kilitoa harufu ya kisima kilichofungwa. Nikauvuta mkanda mpaka mwisho nikijifanya naurekebisha tumboni, na kule ndani ulikuwa na mstari wa tope kavu. Khalfan alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja na kuimba. Nilisali, na sitasema niliomba nini.

Wakati wa kuagana Nassor alinisindikiza mpaka kwenye gari langu.

"Haya?"

"Gari hii imezama, Nassor. Imekunywa maji mpaka kwenye viti. Hapa mjini itakwenda. Milima ile, kwa jua hili, haipandi."

"Nimekusikia."

"Basi mwambie kaka yako hapana."

"Nimwambie nini, yakhe? Kwamba nimemletea fundi nyumbani kwake, kanywa kahawa yake, kala halua yake, kumbe anampekua?"

"Mwambie Rukia anataka ndogo."

"Kashawaambia watu wote kuwa hii ya Rukia. Mpaka Unguja kashapiga simu."

"Na Rukia mwenyewe?"

Alitazama viatu vyake. "Rukia atakaa nyumbani. Inshallah patapatikana kitu cha karibu."

Wallahi nilitaka kumtikisa. Mtu mzima, mwenye ndevu, yuko radhi kuizika kazi ya mwanawe kuliko kulitamka neno moja kwa nduguye. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, mpaka paka wa jirani akahama ukutani. Alinijibu kwa upole, "Seif, weye huna kaka mkubwa," akarudi ndani kumaliza kahawa.

Baada ya siku mbili Rukia akaja Ghala. Alisimama mlangoni mwa karakana, kati ya magari yaliyoinuliwa, mkoba kifuani.

"Ami Seif, umemwambia nini baba? Usinifiche."

Sikumficha. Alisikiliza bila kulia, na hilo lilinisumbua zaidi kuliko kama angelia.

"Ikikwama, itakwama wapi?"

"Kwenye mpando mrefu. Feni itakufa, injini itachemka."

"Una hakika?"

"Mie si mganga, mwanangu. Lakini nnavyoijua gari iliyozama, ndivyo."

Akafikiri. "Gari ya ami haikaguliwi. Lakini mtu anaweza kumuomba ami yake ampeleke pahala?"

"Anaweza."

"Na ami hawezi kukataa."

"Hawezi, aibu."

"Basi nitamuomba anioneshe njia ya Quriyat, yeye mwenyewe aendeshe, na baba awepo. Alkhamisi. Jumamosi naanza kazi. Weye njoo nyuma yetu na maji."

Nilimwambia kwamba mpango wake ni wa kitoto, kwamba mie ni fundi, si mwigizaji, na kwamba sharti la baba yake linasema gari ikikwama naye. "Atakayekwama ni ami," akasema. "Mie abiria tu." Nikashika tama. Alkhamisi nilikuwa nyuma yao na madumu matatu ya maji.

Khalfan alikataa kutoka kabla ya kula, kwa hiyo tuliondoka jua limeshasimama. Lile jeusi lilitangulia kwa mbwembwe, na mimi nikalifuata na kigari changu cheupe cha wakala, kidogo, cha vioo vya kuzungusha kwa mkono. Kwenye tambarare lilinipotea. Kwenye mpando likaanza kuonekana tena, likakaribia, na nilipofika kona ya juu nililikuta limesimama pembeni na mvuke unatoka kila upenyo. Vioo vya umeme vilikuwa vimegoma kushuka, kiyoyozi kimekufa, na wote watatu wametoka mle ndani wamelowa kama wamevuliwa baharini. Khalfan alikuwa anajipepea kwa ncha ya kilemba.

"Jua tu hili," akaniambia kabla sijauliza. "Leo hata ya wakala ingekwama."

Kigari changu kilikuwa nyuma yake kinaunguruma taratibu, baridi inatoka mlangoni. Tukangoja mvuke upungue, kisha Khalfan mwenyewe akalifungua boneti, na mimi nikatazama kwa halali. Waya za feni zilikuwa zimeliwa na kutu ya kijani, na kwenye pembe, chini ya betri, tope limekauka na vipande vya majani ndani yake. Khalfan aliliona tope lile. Akaligusa kwa kidole, akakitazama kidole. Hapo nikafahamu kwamba hakuwa anajua. Aliuziwa na rafiki yake wa Sharja, na gari la rafiki hakulifungua. Hasira zangu juu yake zikapungua kidogo, nikabaki nazo za Nassor.

Na Nassor alinipa sababu. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, leso kichwani, anaitazama ile barabara inavyopinda na kupotea.

"Khalas," akasema. "Nimeiona kwa macho yangu. Njia hii si ya mwanangu. Rukia, utaandika barua uombe kuachishwa."

Rukia aligeuka rangi. Alidhani amemfunga baba yake kwa maneno ya sharti lile, nani dereva na nani abiria, na hofu ya baba haikuwa na habari na hayo.

"Iliyokwama ni gari, Nassor!" nikapiga kelele, milima ikanirudishia. "Njia imekufanya nini?"

"Na akiwa peke yake hapa? Na jua hili? Weye una binti?"

Sikuwa na binti, naye alijua. Nakiri kwamba roho ilinichoma.

Rukia alimpita baba yake. Alinijia mimi akanyoosha mkono. "Ami Seif, nipe funguo." Nilimpa. Akasema, kwa adabu kabisa, kama anakaribisha watu chakulani, "Baba, ami, ingieni huku kwenye baridi. Tumeshafika nusu ya njia. Twende tukaione skuli, halafu tutarudi. Gari ya ami tutaitumia gari ya kukokota." Jua lilikuwa kali mno kwa wazee kubishana. Nassor akaingia mbele. Khalfan na mimi tukabanana nyuma, yeye kapakata bakuli la halua tuliyokuwa tumeichukua ya njiani, magoti yamemfika kidevuni.

Aliendesha vizuri. Nilikaa nikitafuta kosa, maana ndiyo kazi yangu, na sikulipata. Kwenye mteremko alishusha gia badala ya kukaa juu ya breki, jambo ambalo nimeshindwa kuwafundisha wanaume wazima. Bondeni Khalfan akasema taratibu, bila kunitazama, "Kiyoyozi chako kinapoza, Seif." Nikamwambia ndiyo.

Skuli ilikuwa imefungwa, maana zama zile mapumziko yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Tulisimama getini, mlinzi akatuletea maji, Rukia akayashika mabati ya geti na kutazama ndani kwenye madarasa yaliyopakwa rangi mpya. Nassor alimtazama yeye. Tukarudi tulikotoka.

Nikuambieni jambo moja kuhusu Nassor. Katika gari la mtu mwengine mguu wake wa kulia hukanyaga breki isiyokuwepo kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, na ukizungumza naye hakusikii. Siku ile, kwenye kona zile zile, nikaona kichwa chake kinaegemea kioo. Nikadhani joto limemzidi, nikainama kumtazama. Alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Tulilipita lile jeusi pale pembeni, hata Khalfan hakuligeukia, na Nassor hakujua.

Tulipofika mlangoni kwake Rukia hakumwamsha. Aliiacha injini inanguruma na kiyoyozi kinapoza, akakaa mikono juu ya usukani. Khalfan alitaka kukohoa nikamfinya. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili nyuma na halua, mpaka Nassor mwenyewe akafumbua macho, akaitazama nyumba yake, akamtazama binti yake.

"Jumamosi unatoka saa ngapi?"

"Baada ya Alfajiri, baba."

"Niamshe. Nitakutazamia maji ya rejeta mie mwenyewe."

Kisha akauchomoa ufunguo, ufunguo wa gari langu, akautia mkononi mwa Rukia, akakifumba kiganja chake, akashuka. Hakuna aliyeniuliza. Nilitembea mpaka barabarani kutafuta teksi, huku nawalaani ukoo mzima mmoja mmoja, na sijapata kupanda teksi kwa furaha kama ile.